Kombe Lililovuka Wami

Vijana wakibishana habari za mpira barazani kwangu, mimi huguna nikaingia ndani. Wao husema bibi hapendi kelele. Nawaacha waseme. Nitamweleza nani kwamba mpira ulinitoa nyumbani kwa mume wangu, tena baada ya upande niliouombea dua kushinda? Nikiwaambia hivyo watasema bibi kachanganyikiwa. Basi naandika, maana karatasi haicheki.

Ilikuwa Bagamoyo, kabla Wadachi hawajaja na bendera yao. Nilikuwa mwanamke kijana, ndoa yangu ina miaka mitatu, mtoto bado. Kwetu mimi ni Saadani, ng'ambo ya Mto Wami. Nimekulia kwenye vichanja vya kuanikia samaki, na nilipoolewa Bagamoyo wanawake wa mtaani walinicheka, ati nanuka ng'onda. Nikawajibu kwamba ng'onda huyo wanampakua kwenye sahani zao kila siku na sijaona hata mmoja akimtema. Baada ya hapo tukapatana.

Mume wangu alikuwa fundi wa kudarizi kanzu. Nasema mapema kwamba alikuwa mtu mwema, kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya na sitaki mdhani nilimchukia. Nilimpenda mno. Kila Ijumaa alikuwa akiniletea asumini, ananiwekea juu ya mto bila kusema neno, kisha anakwenda kukaa na sindano yake kana kwamba si yeye. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ulimi wa kuapa. Kahawa ikichelewa, ataapa. Mvua ikinyesha, ataapa kwamba yeye alijua itanyesha. Watu walimzoea, hawakumsadiki wala hawakumbishia.

Mchezo wenyewe tuliupata kwa mabaharia wa manowari. Waliteremka pwani kuchota maji, wakaanza kupiga mpira mchangani, na vijana wetu wakasimama kando wakiwacheka wazungu wanaokimbizana juani bila sababu. Mwezi haukwisha, na wao wakawa na mpira wao. Wapagazi walikuwa wakileta kutoka bara madonge ya utomvu wa mbungo, ule unaonata na kuvutika; vijana waliyakata nyuzi nyuzi wakaziviringa juu ya tambara mpaka ukapatikana mpira mkubwa kama kichwa cha mtoto. Ulikuwa mzito. Ukiupiga vibaya kwa mguu mtupu, kidole chako siku hiyo hakilali. Milango ilikuwa boriti mbili za mkoko kila upande, mkono haramu, na atakayetangulia kutia mabao matatu ndiye mshindi, hata jua likitaka kutua.

Mwaka huo jumbe wa mji, mtu mzima mwenye heshima zake, alisema atatoa zawadi. Alitoa kombe la Kichina, sahani kubwa ya buluu na nyeupe yenye samaki wawili waliochorwa katikati, lililokuwa limetundikwa ukutani kwake tangu enzi za babu yake. Loo, mji ulishikwa wazimu! Wakacheza mtaa kwa mtaa, wakaja watu wa Kaole, wakaja watu wa Winde, wote wakarudi kwao vichwa chini. Ramadhani ilipoingia mpira ukasimama, na walikuwa wamebaki wawili, Bagamoyo na Saadani. Wakakubaliana kwamba mchezo wa mwisho utakuwa siku ya nne ya sikukuu.

Na mchezaji mkubwa wa Saadani alikuwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Wazazi wetu walikwisha kufa. Tulibaki sisi wawili tu, mimi Bagamoyo na yeye kule, na kila wavuvi walipokuja niliwauliza habari za afya yake nao wakanijibu kwa habari za mguu wake.

Siku ya tatu ya sikukuu, baada ya sala ya alasiri, wanaume walikaa barazani kwetu wakinywa kahawa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mchele. Alikuwapo mwalimu wa msikitini, walikuwapo majirani, na alikuwapo muuza ng'onda mmoja kutoka Saadani aliyewatangulia wenzake. Huyo alikuwa na mdomo kama wa mume wangu, na midomo miwili ya namna hiyo haifai kukaa baraza moja.

"Kesho mje na leso za kufutia machozi," akasema. "Kombe lile tunakwenda kulitundika Saadani, na nyie mkitaka kulitazama mtaomba ruhusa."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, namjua, anatoka mtaa wa kwetu. Mume wangu hakucheka. Nikasikia kikombe chake kikigonga sakafu.

"Kombe lile likivuka Wami," akasema, "mke wangu kaachika talaka tatu!"

Kicheko kikakatika. Mchele ukanimwagika miguuni.

Mwalimu ndiye aliyesema kwanza. "Umesema nini, mwanangu?"

"Nimesema haliendi popote, mwalimu. Ni namna ya kusema tu."

"Hakuna namna ya kusema tu katika hilo," mwalimu akajibu, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya huruma, nikaogopa zaidi. "Umetia sharti, na sharti la talaka halifutiki kwa majuto. Lisipovuka, mkeo ni mkeo. Likivuka, saa hiyo hiyo ameachika, na hatarudi kwako mpaka aolewe na mume mwingine, akae naye, naye amwache kwa hiari yake. Muombe Mungu, na ukae kimya."

Mwalimu akawausia wote waliokuwapo, muuza ng'onda naye, kwamba neno lile lisitoke barazani. Walipoondoka, mume wangu aliingia ndani amenywea. Hajapata kuwa mfupi kama siku ile. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimuuliza kama mimi ni mbuzi wa kufungwa kwenye kamba ya kushindania. Akashika miguu yangu. "Nisamehe. Tutashinda, haki ya Mungu tutashinda," akasema, na aliposikia ameapa tena alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Mimi, pamoja na hasira zote zile, nikacheka. Ndivyo alivyokuwa. Kisha akaniomba jambo moja, nisimwambie ndugu yangu. "Atanidharau," akasema.

Asubuhi mdogo wangu alikuja kunisalimu kabla ya mchezo. Walikuwa wametembea siku mbili na mchanga uko mpaka nyusini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

"Nimekonda vipi, na kombe nalibeba mimi leo?"

Nikamwandalia mkate wa kumimina na kahawa. Alikula upesi upesi kama alivyokula utotoni, kipande hiki mkononi na kile jicho limekwisha kukishika. Akanionyesha kidole chake cha mguu alichokifunga kitambaa. Akaniuliza, "Leo utanishangilia mimi au shemeji?"

"Nitashangilia mpira," nikasema.

Maneno yalikuwa mdomoni, Mungu shahidi yangu. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Lakini nikamtazama, kijana wa miaka ishirini, ametembea siku mbili kwa ajili ya furaha ya asubuhi moja, na nikajua nikimwambia hatacheza. Atasimama kama gogo. Na watu wa Saadani watamwimbia maisha yake yote kwamba alinunuliwa na dada yake. Nikasema moyoni, Bagamoyo wana vijana wengi, watashinda kwa haki yao, na huyu aachwe acheze. Nikameza maneno yangu, nikammiminia kahawa nyingine.

Uwanja ulikuwa nyuma ya mji, mahali penye mchanga mgumu. Watu walianza kujaa tangu jua likiwa changa. Zumari zilikuwapo, ngoma zilikuwapo, wauza visheti walikuwapo, watoto wamevaa kofia mpya za sikukuu zinazowafunika masikio. Wanawake tulijengewa banda la makuti upande mmoja, wanaume upande wa pili. Nilikaa na somo yangu, yule aliyenifunda nilipoolewa, mwanamke mnene mwenye maneno yake. Yeye peke yake nilimweleza. Alinishika mkono akasema, "Leo, mwanangu, utashangilia kwa akili. Moyo uache nyumbani."

Nitashangilia kwa akili! Mpira ulipoanza tu, mdogo wangu aliuchukua, akawapita vijana watatu wa Bagamoyo kama anayepita uani kwao, akautia kati ya boriti. Nami nikasimama nikapiga kigelegele. Sikujijua. Somo alinivuta leso nikakaa chini kwa kishindo.

"Umeingiwa na nini?" akanong'ona. "Unashangilia talaka yako?"

Nikatazama upande wa wanaume. Mume wangu alikuwa amesimama mbele karibu na jumbe, mikono kichwani.

Bagamoyo wakarudisha. Mpapatiko ulitokea mbele ya mlango, miguu hata haihesabiki, mpira ukatoka upande wa pili na kila mtu akidai ni wake. Kisha mdogo wangu akatia tena. Safari hii sikupiga kigelegele. Nikawa nakunjakunja ncha ya leso. Somo alikuwa akiwapigia kelele vijana wa Bagamoyo, "Mshikeni yule mwenye kitambaa mguuni! Mnamwogopa? Ni mtoto wa watu, haumi!" Wanawake wakacheka sana. Mtoto wa watu huyo alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni.

Bagamoyo wakarudisha tena. Mbili kwa mbili. Hapo zumari zikanyamaza zenyewe, maana wapigaji nao walitaka kuona.

Nisikilizeni jambo ninaloona haya kulisema mpaka leo. Mpira ulimfikia mdogo wangu, na mbele yake hakuna mtu ila yule kijana anayelinda mlango. Akaanza kukimbia. Namjua mkimbio ule tangu anajifunza kutembea. Na mimi, dada yake, niliomba, "Ee Mola, mkwaze." Nilisema kwa sauti. Niliomba mtoto wa mama yangu aanguke mbele ya watu.

Hakuanguka. Alipiga, mpira ukagonga boriti, boriti ikalia, mpira ukarudi uwanjani. Kijana mmoja wa Bagamoyo, mpakizi wa mizigo, akaupokea akakimbia nao mpaka upande wa pili, na watu wa Saadani wote walikuwa mbele huku mikono vichwani. Akautia.

Tatu.

Sijui nilivyofika chini, lakini nilikuwa chini, nimesujudu mchangani, na somo amenilalia mgongoni analia na kucheka. Mji ulipasuka kwa kelele. Nilipoinua kichwa nilimwona mume wangu amebebwa mabegani na watu, na hakucheza hata dakika moja! Alikuwa ananitafuta kwa macho. Aliponiona aliweka mkono kifuani. Nasema kweli, sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa mpaka mkono ule ukashuka.

Jumbe akasimama kutoa zawadi. Akamwita kijana aliyetia bao la tatu, akampa kombe, na vijana wa Bagamoyo wakalipokezana wakilibusu. Kisha, kwa adabu, wakawapelekea wageni walitazame. Ndivyo inavyopasa, mgeni hafichwi furaha ya mwenyeji. Likafika mikononi mwa mdogo wangu.

Sasa ni lazima niseme desturi yetu, maana vijana wa leo wameiacha. Mgeni akikisifu kitu chako, humnyimi. Akisifu kilemba chako, unakivua kichwani. Yeye atakataa mara mbili, na mara ya tatu atapokea kwa mikono miwili. Ndiyo maana watu wenye malezi hawasifu vitu vya watu ovyo, hutazama wakanyamaza. Mdogo wangu alilelewa hivyo, na mimi ndiye niliyemlea. Lakini alikuwa amechoka, ameshindwa, jasho linamwingia machoni, na kombe lile lilikuwa na samaki wawili. Mama yetu alikuwa na kombe la namna ile ile ukutani. Lilivunjika mwaka aliokufa.

Nilikuwa mbali, lakini kila mtu alikwisha nyamaza, na sauti yake nikaisikia vizuri. "Zuri sana, Jumbe. Marehemu mama yangu alikuwa na ndugu ya hili."

Jumbe hakusita hata kidogo. "Basi ni lako, mwanangu."

"La, Jumbe. Ni haki ya walioshinda."

"Walioshinda wameshinda, hayo hayaondoki. Wewe umelipenda. Chukua."

"Jumbe, siwezi."

"Umetembea siku mbili katika jua uje kwetu, urudi mikono mitupu? Chukua, usinifedheheshe mbele ya watu wangu."

Akalipokea kwa mikono miwili.

Niliruka nikapiga kelele, "Hapana! Mdogo wangu, hapana!" Na wakati huo huo wanawake wote wa banda lile wakapiga vigelegele kumpongeza jumbe kwa uungwana wake. Sauti yangu ikazama humo humo. Mdogo wangu aliligeukia banda, akaniona nimeinua mikono, akadhani nafurahi. Akaliinua kombe juu ya kichwa anionyeshe. Alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu boriti ilipomnyima.

Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa hatua tano kutoka pale! Ilitosha aseme neno moja. Angesema, "Jumbe, niwie radhi, nina kiapo juu ya kombe hilo." Wangemshangaa, wangemcheka, wangemsema mwaka mzima. Basi. Nilimwona akifungua mdomo. Nikamwona akimtazama jumbe, akawatazama wageni, akatazama mji mzima uliojaa sifa za ukarimu wake. Akafunga mdomo. Yeye, ambaye hakuweza kunyamaza mvua ikinyesha.

Nilirudi nyumbani na somo yangu. Wanaume walikwenda kwa jumbe kula pilau pamoja na wageni, na wageni waliposhiba wakatoka hapo hapo kushika njia, wapate kuvuka Ruvu mapema na kulala Winde. Mdogo wangu alituma mtu aniage. Nilimuuliza mtu huyo waliko, akasema wamekwisha ondoka saa nzima.

Mume wangu akaingia. Mkono wake ulikuwa bado unanuka pilau.

"Umesema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje, mke wangu, mbele ya watu wote wale?"

"Kama ulivyosema jana mbele ya watu wote wale."

Akakaa kitini akasema atakwenda kwa mwalimu, mwalimu atapata njia. Nikamwambia mwalimu alikwisha sema, njia ni moja nayo inakwenda Wami, na kombe liko njiani. Akasema watu watacheka, mtu anakimbiza zawadi aliyopewa mgeni. Hapo nikanyamaza kabisa. Niliona kwamba hata sasa bado anapima, aibu upande huu na mimi upande ule. Nadhani kimya kile kilimtisha kuliko matusi ya jana, maana alisimama, akaufunga msuli wake barabara, akatoka mbio bila viatu.

Nilingoja usiku mmoja, na siku nzima, na usiku wa pili. Somo alikuja kukaa nami. Alisuka ukili kimya kimya, kwake hilo ni ajabu kubwa. Nilipiga hesabu za hatua, hapa sasa yuko Ruvu, hapa kawafikia, hapa wanacheka pamoja, mdogo wangu anampa kombe na kumtania. Nilipika. Nilifua shuka. Siku ya pili, alasiri, niliweka asumini juu ya mto mimi mwenyewe, jambo ambalo sikupata kulifanya.

Kisha nikamwona anakuja mwisho wa njia. Ananyata kwa miguu iliyopasuka, na kifuani amekumbatia kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kilemba. Kombe! Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. "Kalileta! Somo, kalileta!" Nikakimbilia mlangoni.

Akasimama nje ya kizingiti. Sikuelewa. Nikamwambia, "Pita ndani, bwana, maji ya kuoga yako tayari."

Hakuingia.

"Lilivuka," akasema.

Alinieleza pale pale nje, amesimama. Alipofika Ruvu, mwenye mtumbwi alikuwa amekwenda kula sikukuu yake, akarudi asubuhi. Alikimbia mchanga wote ule. Alipofika Wami aliwaona ng'ambo, ndiyo kwanza wanapanda ukingo, mdogo wangu nyuma yao wote, kombe kichwani. Akaita. Mdogo wangu alirudi na mtumbwi, na alipoambiwa aliketi matopeni akalia, kisha akalirudisha.

"Basi limerudi," nikasema. "Liko hapa. Nani anajua kwamba lilivuka?"

"Mimi najua."

"Sema ulilikuta huku. Ndugu yangu hatasema. Sema hivyo, nakuomba."

"Nikisema hivyo, nitaishi nawe vipi? Kila usiku nitajua kwamba si mke wangu."

Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake kama mkewe, ingawa kwa sheria nilikwisha toka mikononi mwake pale kombe lilipovuka mto, mimi huku nyumbani nafua shuka: "Ulimi wako ulikuwa mzito mbele ya jumbe. Leo kwangu ndiyo umejua kusema kweli?"  Somo akanishika kiuno akaniingiza ndani.

Mwalimu alikuja, akauliza swali moja tu, akajibiwa, akatokwa na machozi mzee wa watu. Baadhi ya majirani walileta shauri la kunitafutia mume wa kupitia, mzee mmoja mwenye dini, nikae naye siku chache aniache, nirudi. Mume wangu alitazama chini. Alikuwa tayari kukubali. Mimi nikakataa. Kama nilikuwa mjinga, nilikuwa mjinga, lakini nilikwisha fungwa kamba na kushindaniwa mara moja, inatosha. Nikasema nitakaa eda kwa ndugu yangu, Saadani.

Siku ya kuondoka aliniletea kombe. Alisema hawezi kuliona ukutani, na hawezi kulirudisha kwa jumbe bila kueleza. "Lichukue wewe. Ni la mama yenu, kwa namna," akasema. Nililipokea. Vidole vyetu havikugusana, alikuwa mwangalifu. Miaka mingi baadaye nilisikia ameoa, ana watoto, na kwamba haapi. Ati mtu akimbana aape, huondoka barazani.

Nilivuka Wami asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Mwenye mtumbwi aliniambia niketi katikati nisitikisike. Nilikuwa nimelipakata kombe lile, na tulipofika kati ya mto nilifungua kilemba nikawatazama wale samaki wawili. Niliazimia kulitupa. Nililitoa hata nje ya mtumbwi, nikalishika juu ya maji. Nikamkumbuka mama, nikalirudisha mapajani.

Mdogo wangu alikuwa ananingoja ng'ambo, maji yamemfika magotini. Hakusema shikamoo. Alishika mtumbwi kwa mikono miwili akanitazama, macho yamemvimba.

"Nilikula mkate kwako asubuhi ile," akasema. "Kwa nini hukuniambia, dada?"

Nikampa kombe kwanza, nipate kushuka.

"Nilitaka ucheze," nikamwambia.